Majina Yaliyoibwa Maabara

Kitangari, Newala
14 Julai 2025

Mpendwa kaka Mathias,

Shikamoo. Baridi ya huko Mafinga inakuacheje na kile kifua chako? Wifi Claudia na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Goti la mama limepoa, anatembea vizuri. Shemeji yako Bonifasi anapuliza salfa kwenye mikorosho, jioni anarudi kope zote za njano. Maji bado tunanunua kwa ndoo.

Barua hii nimemkabidhi mjomba Lameck akupe mkononi, kwa kuwa simu siiamini tena. Isome ukiwa peke yako.

Unaikumbuka ile maabara binafsi ya Masasi tulikokwenda kupima damu mwaka jana, ulipokuja likizo. Mwezi wa tatu wezi wa mtandaoni waliingia kwenye kompyuta zao, wakazifunga, wakadai wamenakili majina na majibu yote, na wasipolipwa watayamwaga. Wenye maabara walijua, wakanyamaza. Miezi mitatu kila tukienda Masasi tunapita mlangoni pao, wanatusalimia kwa tabasamu. Fununu zilipozidi walitutumia ujumbe kwamba taarifa zetu ziko salama. Wiki iliyofuata kurasa zikaanza kuzunguka kwenye simu za watu: jina, namba, kipimo, jibu.

Wezi ni wezi, kaka. Walionitia kinyaa ni sisi wenyewe. Loveness, kiongozi wa kwaya yetu, ndiye aliyeirusha orodha kwenye kundi la kwaya, eti tuombeane. Hakuna aliyeomba. Watu walikuwa wanatafuta majirani. Kwenye foleni ya maji nilikuta wanawake sita wameinamia simu moja, wanafuata mistari kwa kidole na kucheka, na watu hao ndio tunaozikana nao.

Shamila, yule Mama Husseni mjane anayeuza mizizi ya ming'oko ya kuchemsha sokoni Newala, alikuwemo. Nilikuwa nimekaa naye pale anapouzia, ndipo mtu akampigia, akamsomea jibu lake, akamtaka ataje namba ya siri ya simu yake, la sivyo wakweze wataambiwa. Aliweka chini fungu la ming'oko. Sauti haikutetemeka.

"Waambie," alisema. "Mimi dawa zangu nakunywa kila siku. Wewe ndiye unayejificha."

Akakata simu. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa wakweze akawaambia mwenyewe. Mama mkwe alilia, kisha akaingia jikoni kumpikia. Wifi yake mmoja mpaka leo hapokei kikombe mkononi mwake.

Nilimsindikiza polisi. Askari alituonya tusifute ujumbe wala namba ya mpigaji, akaandika maelezo, akasema maabara tunaweza kuishtaki kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Watu kumi na wawili tumetia sahihi malalamiko tukayapeleka. Bado kimya. Wengine walikataa kusaini, wakiogopa kujulikana wamo kwenye orodha ambayo wao wenyewe wameisambaza.

Nawe watakupigia. Mtu akijua jina lako na siku uliyopima, usidhani ni wa maabara. Usitaje namba ya siri, usibonyeze kiungo chochote, wala usimlipe, maana ukilipa leo kesho anarudi. Yule askari alisema hata anayeapa kwamba amefuta, nakala anayo. Badilisha namba zako za siri leo, na safari hii usiweke mwaka wako wa kuzaliwa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nilimwambia Mama Husseni kwamba mimi ile orodha sikuifungua. Niliifungua. Nilijidanganya natafuta jina langu, nikalipata ukurasa wa kwanza, na bado nikaendelea kushuka. Lako liko ukurasa wa nne. Ningeweza kuishia hapo. Nilisoma mstari wako mpaka mwisho. Jibu lako halikunichukiza, kaka. Nilijichukia mimi, kwamba sina tofauti na wale wa kwenye foleni. Nisamehe. Bonifasi na mama hawajui, na orodha nimeifuta.

Siku ile ulituambia majibu yako ni mazuri. Sikuulizi kwa nini. Ila dada zake wifi Claudia wako Masasi, na simu wanazo. Mwambie wewe, kabla hajaambiwa na mtu anayecheka. Mwende naye hospitali, apime, mtumie dawa mkikaa chumba kimoja bila kufichana vidonge.

Mama anakusalimu sana, pia Bonifasi na shangazi Veridiana. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu akupe ujasiri wa kusema, na wifi ampe moyo wa kusikiliza.

Mdogo wako anayekupenda kama zamani,
Winfrida