Nani Alifanya Ziwa? Baba Mkwe Anataka Jibu Jumapili

Maman Joviale mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekwama kabisa, nisaidie. Mimi ni mwalimu wa jiografia huku Cimpunda, mchumba wangu Noëlla ni muuguzi, na juzi familia yangu ilipanda Nyantende kupeleka mahari kwa baba yake, papa Jean-de-Dieu, mkulima na katekista anayeheshimiwa na kijiji kizima. Mambo yalianza vizuri, mbuzi walipokelewa, tonton Alphonse, msemaji wetu, alizungumza vizuri kama kawaida yake, nami nilikaa kimya jinsi desturi inavyotaka, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikaletwa, papa akasimama kuibariki, akamshukuru Mungu aliyechimba Ziwa Kivu kwa mkono wake siku ya tatu, na hapo, sijui ni kasiksi au ni ualimu, nikajisikia nasema: "Pardon papa, ziwa haikuchimbwa. Ni lava ya volcan ilifunga njia ya mto, maji ikajaa." Shemeji mmoja akaniuliza kama basi na watu walitoka kwa lava, nikamjibu, Maman, nikafika mpaka kwa nyani.

Papa hakupiga kelele, alisema tu: "Jumapili utakuja mbele ya shirika, utasema Mungu aliumba vyote mu siku sita. Kama hapana, muchukue mbuzi yenu, mutoto wangu atabakia kwangu." Shirika ni Wakristo wote wa kijiji kile, na baadhi yao wana watoto wanaoshuka kusoma darasani kwangu, nikisema hivyo Jumapili, Jumatatu nitasimama vipi ubaoni? Noëlla ananiambia: "Sema tu oui, chéri, tuoane, kisha utafundisha vyenye unapenda." Usinione mpagani, nasali, na mara nyingine nikichora volkano ubaoni nasikia kama kuna wa kumshukuru, ila sijui nimwite nani, wala sijui kama hiyo ni imani au mazoea. Nampenda Noëlla na naogopa kumpoteza. Nidanganye, au mbuzi warudi?

Glody, Cimpunda

JIBU

Glody, pole. Lakini tusidanganyane: siku ile hukumkana Mungu, ulimkatiza mzee akiwa amesimama anabariki, katika ua wake, mbele ya wageni wake. Tonton Alphonse mlimpeleka ili mdomo wako upumzike. Ukamnyang'anya kazi, tena kwa somo ambalo hakuna aliyeliomba. Hata ungesema ziwa lina maji, papa angekasirika.

Lava iliziba bonde, endelea kufundisha hivyo bila woga. Wapo mapadri wanaofundisha hayo hayo asubuhi, na jioni wanasoma misa. Baba mkwe wako alikuwa anashukuru, wewe ukamsahihisha kama daftari la mwanafunzi. Naye amekosea: imani inayotolewa ili mtu apate mke haimfai yeye wala Mungu wake.

Kwa hiyo usidanganye. Ukianza ndoa kwa maneno usiyoyaamini, utayarudia kila ubatizo wa mtoto, mpaka ujichukie. Wala usingoje Jumapili. Panda Nyantende kabla, na tonton Alphonse, ukae kimya, yeye aombe msamaha kwa kukatiza baraka. Kwa volkano asiombe. Papa akikuuliza wewe mwenyewe unaamini nini, ndipo ufungue mdomo, umwambie ulichoniandikia mimi nisiyekujua: kwamba ukichora volkano unasikia kuna wa kumshukuru na hujui umwite nani. Mtu aliyefundisha katekisimu maisha yake yote ameshasikia maneno kama hayo, na huenda hata yeye aliwahi kuyasema. Akikataa, mbuzi warudi. Itauma sana, sikufichi.

Ila kuna jambo limenisumbua kuliko lava. Umenieleza anachoamini papa, unachoamini wewe nusu nusu, hata watakachofikiri wanafunzi wako. Noëlla umempa sentensi moja tu, na ndani yake anakushauri udanganye. Yeye ni mtoto wa katekista, na ni muuguzi aliyesoma biolojia. Amekaa katikati ya mambo haya mawili muda mrefu kuliko wewe, tena nyumbani kwao. Anaamini nini? Hujui, kwa sababu hujamuuliza. Muulize leo, kabla ya kupanda Nyantende, na safari hii usimkatize mpaka amalize.

Maman Joviale