Kopo Lisilo na Rangi

Jumatatu, 4 Mei
Nimepangusa makopo ya bia kama kila Jumatatu. Yapo thelathini na saba kwenye ubao wa sebuleni. Foleni ya malori ya mpakani imefika karibu na shule, vumbi halikosi.
Baba aliyaokota akisafiri na lori, Zambia, Kongo, hadi Namibia. Bia yenyewe hakuonja. Alisema viwanda hubadilisha picha kila mara, na kopo linalotupwa leo siku moja litatafutwa. "Sekela, ukiwa mtu mzima utayafanyia maonyesho." Namwamini. Jumapili atatimiza mwaka kaburini.

Jumanne, 5 Mei
Mama amesema makopo yaondoke. Jumamosi jumuiya ya kanisani inakuja kumwombea Baba. "Wenzangu wafumbe macho kusali, wakifumbua waone bia?" Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.
Mnunuzi wa skrepa, wa vyuma chakavu, anapita Ijumaa.

Jumatano, 6 Mei
Nina wazo. Mama anapenda vitu vinavyong'aa. Tangu nikiwa mdogo amenifundisha kusugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka nijione. Makopo yakiwa hivyo yatakuwa mapambo, hatayakataa. Nitaanza na la katikati, la bati zito, kuukuu kuliko yote. Baba alilipenda hilo. Hakuruhusu mtu alishike. Hata mimi nalipangusa bila kuliinua.

Alhamisi, 7 Mei
Nimeharibu.
Nilisugua alfajiri kabla ya shule. Lilipong'aa, picha ilikuwa imetoka yote. Nikamuuliza mwalimu wa Historia. Alinitazama kwa huruma. "Thamani yake ilikuwa ile rangi, binti. Hata kutu ungeiacha."
Kuna baya zaidi. Chini ya kila kopo Baba aliandika kwa kalamu mahali alipoliokota, na siku. Nimeyageuza mengine yote. Yameandikwa. Hili kitako chake ni cheupe. Nimefuta mwandiko wa Baba na sijui ulisema nini.
Sijamwambia Mama.

Ijumaa, 8 Mei
Mnunuzi amekuja na mkokoteni na nyundo ya kubondea. "Mwanafunzi, wewe na bia wapi na wapi?" Nikamwambia yatakuja kuwa na thamani. Akacheka. "Mimi nanunua ya leo, mdogo wangu. Lete." Mama akaniambia nimpe.
Nikaanza na lile nililolisugua, kwa kuwa limeshaharibika. Akanionyesha jiwe la kuliwekea. Nikashindwa kuliachia. Nililia mbele ya watu, nikamweleza Mama yote: majivu, picha, kitako.
Mama akalichukua kutoka mikononi mwangu. Akaligeuza. Akakaa kwenye ngazi.
"Kapiri Mposhi," akasema. "Siku uliyozaliwa."
Baba alikuwa huko Zambia, lori limeharibika, alipopigiwa simu kuwa ni mtoto wa kike. Kopo lilikuwa limezama kwenye udongo mbele ya miguu yake. Akalichimbua kwa bisibisi. Lilikuwa la kwanza. Mengine yote yalifuata hilo.
Sikuwahi kuambiwa. Nadhani Mama naye alikuwa amesahau, au hakutaka kukumbuka.
Mnunuzi aliuliza mara mbili kama tunauza au hatuuzi. Mama akamwambia, "Nenda, baba. Utatusamehe."

Jumamosi, 9 Mei
Jumuiya wamesali. Makopo yalikuwa palepale, yote. Mwanamke mmoja aliyakodolea macho hadi mwisho, kisha akamnong'oneza mwenzake. Mama alimsikia. "Hizo ni safari zake," akasema, akaendelea kumimina chai.

Jumapili, 10 Mei
Tumetoka makaburini. Kuna baridi.
Nimeandika upya kwenye kitako: Kapiri Mposhi, na siku yangu ya kuzaliwa. Mama alinishikia kopo lisiteleze. Mwandiko si wa Baba, ni wangu. Nimelirudisha katikati.
Mwalimu anasema wapo watu wanaosafiri mbali kutazama vitu vya namna hii. Labda mmoja atafika hapa Tunduma, atauliza kwa nini hili halina rangi.
Maelezo yangu yataanza na hilo.