Lori la Mjukuu Limeungua Gasketi

Mwenzangu, mke wa mjukuu wangu kanieleza sasa hivi, wametoka gereji na kufikia hapa kwangu.

Lile lori la dizeli alilolifungia mjukuu tabo kubwa, lile la kuongezea injini nguvu, lipande mlima kama gari dogo, ndilo hilo. Wiki nzima linakunywa maji na kutoa moshi mweupe, yeye anasema ni baridi ya asubuhi. Baridi ya asubuhi, mwenzangu.

Fundi kachomoa kijiti cha kupimia oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa.

"Gasketi ya hedi imeungua, maji ya injini yameingia kwenye oili. Tabo hili nani kakufungia?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi usiliwashe tena, bwana mkubwa."

Na kesho ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, kubeba matofali ya shule. Mwenye kazi kapigiwa simu, keshachukua lori lingine.

Nimechoka hata kumgombeza. Nimemvua viatu, kalala kwenye kochi.