Skana ya Ramani ya Makaburi

Jomvu Kuu, Machi 1998

Mwanangu Salme,

Sote hatujambo, mbuzi wetu amezaa pacha.

Ile ramani ya makaburi, ushahidi wetu dhidi ya tajiri aliyetaka kujenga juu ya kaburi la mamako, imechakaa mno, na hakimu alitaka nakala. Ofisi inayoihifadhi ilikuwa ikichagua skana kubwa, mashine ya kunakili ramani, nikaitwa kushauri kama mwenye kesi. Moja huvuta karatasi kati ya magurudumu. Nyingine huipiga picha ikiwa imelazwa.

"Ami, hii ya kuvuta ina kasi," alisema Idarus, mkuu wa ofisi.

"Basi itie kwanza cheti chako cha ndoa."

Akacheka, akachagua ya kulaza. Ramani haikuchanika popote.

Jana hakimu aliuona mpaka wa makaburi kwenye nakala, akaamua. Makaburi ni yetu! Njoo Idi tumzuru mamako. Hakuna wa kutufungia njia.

Ami yako,
Stambuli