Muswada Aliobeba Baragumu

Mdogo wangu,

Natumaini kifua kimepoa. Mimi mzima, ila paa la ofisi bado linavuja na ndoo imekuwa mgeni wangu wa kudumu.

Wiki ijayo utasikia redioni muswada wetu wa likizo ya uzazi ukisomwa kwa jina la Baragumu, yule mbunge wa upande wa pili anayenibeza kila kikao. Usije ukaitupa redio dirishani! Nimemwomba mwenyewe. Wao ndio wenye kura. Muswada ukibaki kwa jina langu utakufa kama ule wa kwanza niliouwasilisha. Mimi nitatajwa mwishoni, kati ya wanaomuunga mkono.

Aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini siku za likizo zianze kuhesabiwa mtoto akitoka hospitali, si akizaliwa?"

Nikamwambia kuna mama ambaye siku zake ziliisha, akaitwa kazini mwanawe njiti akiwa bado kwenye mashine ya joto. Aliporudi jioni, hakumkuta. Sikukutaja.

Baragumu, na mdomo wake wote ule, safari hii hakunibeza. Akasema, "Basi kifungu hicho asikiguse mtu."

Ni kifungu cha tatu. Kikisomwa, ongeza sauti. Hicho ni cha mwanao.

Kaka yako,
wa mwisho kutajwa