Mbegu za Alizeti kwa Panya wa Vroni

Munich, Jumanne baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Yohane

Kwako dada yangu Walburga,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumai zitakukuta mzima, shemeji Alfons mgongo umempoa, na ng'ombe wote kumi na wanne wanasimama kwa miguu yao wenyewe. Mimi mwili hauna neno. Jumapili nilikula soseji nyeupe sita, na Xaver, mwenzangu wa kazi, ni shahidi wa zile nne za kwanza, maana baada ya hapo aliacha kuhesabu kwa wivu.

Umeniuliza mara mbili kwenye simu kwa nini binti yako Vroni amerudi nyumbani na masanduku yake yote, hasemi na mtu, anakamua ng'ombe kisha anasugua mikono mpaka inachubuka. Mara mbili nilikujibu kwamba simu inakatika. Haikuwa inakatika, dada. Na leo naandika kwa sababu kwenye simu ningepata mwanya wa kutia chumvi.

Nianze na kazi yangu, maana ukiwaachia wengine watakwambia mimi ni mfagia vizimba tu. Miaka kumi na tisa nawatunza panya wa jengo lile la utafiti wa saratani. Nikiingia asubuhi, panya mia nane husimama kwa miguu ya nyuma kama askari. Mwaka ule wa theluji kubwa mmoja alitoroka, madaktari saba wakamkimbiza na nyavu. Mimi nilivua kofia, nikapiga mluzi, akaingia mwenyewe. Profesa, mkuu wetu, akasema, Korbinian, wewe ungesoma ungekuwa hatari. Shule niliiacha darasa la nane, hilo unalijua, lakini saratani nimeishika kwa mkono huu kuliko wengi walioisoma.

Basi mwanao alipoajiriwa kwenye jengo letu, daktari kamili wa sayansi, kifua changu kilitangulia mlangoni kabla yangu. Nilimwambia kila mtu kwamba ubongo ule umetoka upande wetu. Tulikuwa tukila mkate na figili kwenye ngazi za nyuma, naye akanieleza kazi yake kwa lugha ya shamba. Alisema seli ya saratani ni mlafi. Inameza chuma kingi ili ikue upesi. Na ngozi yake ni ya mafuta. Chuma kile kikikosa mlinzi wa kukizuia, kinayaunguza mafuta yanachacha, kama mafuta ya nguruwe ya bibi yaliyosahauliwa kwenye kopo, mpaka ngozi inapasuka na seli inakufa. Kazi ya dawa yake ilikuwa kumwondoa yule mlinzi. "Hatuiui kwa sumu, mjomba," aliniambia, "tunaiacha ife kwa ulafi wake." Nikamjibu kwamba hilo nilishaliwaza mwenyewe zamani, sema sikuwa na kalamu karibu. Akacheka mpaka figili ikampalia.

Miaka miwili, dada. Panya wake walikuwa na uvimbe ubavuni. Anawadunga dawa, anaupima uvimbe, haunywei. Wenzake wa mji mwingine wakajaribu dawa ile ile, kwao ukanywea. Akarudia yeye, hola. Mwishowe Profesa akamwita, akamwambia kwa upole, ule upole unaouma, kwamba labda mikono yake haikuumbiwa kazi hii, na mkataba hautaongezwa. Na siku ya Pasaka, mezani kwako, alipokuwa amenyamaza hivi, nani aliyesema kwa sauti kwamba wako wenye mkono wa wanyama na wako wasio nao? Ni mimi. Shemeji alicheka. Vroni aliiweka mikono yake chini ya meza.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita tulikusanywa watunza panya wote, kama kila mwaka, kukumbushwa kanuni. Mwalimu alikuwa dokta mmoja msichana, mdomo mkali, akitueleza kwa nini chakula cha panya hupimwa na kufungwa. Akatoa mfano wa chuma na mafuta yale yale. Akasema vitamini E huzuia mafuta yasichache. Ukimpa panya wa namna ile, umesimamisha mlinzi mwingine mlangoni, na dawa itabaki kubisha hodi nje. Mimi, kwa kutaka kuonekana, nikauliza hiyo vitamini inakaa kwenye nini. Akasema kwenye lozi, kwenye kiini cha ngano, na kwenye alizeti tele. Xaver akanipiga kiwiko: "Vipi, mfalme wa panya, mbona umepauka? Umekula alizeti?" Chumba kizima kikacheka.

Sikula mimi, dada. Tangu siku ya kwanza niliwapa panya wa Vroni. Wa Vroni peke yao. Ni zile mbegu unazonitumia kila vuli kwa ajili ya ndege wa dirishani. Kule ndani huingii mpaka uvue kila kitu, uoge, uvae nguo zao, kwa hiyo nilizipitisha shavuni. Mbegu moja kwa kila panya, kila asubuhi. Nilitaka panya wa mpwa wangu wang'ae kuliko wa wengine, watu waulize ni wa nani. Na waling'aa kweli. Mikono ya mwanao haikuwa na kosa lolote. Mlinzi wa mlangoni nilikuwa mimi.

Siku tano nimelijua hilo nikanyamaza. Nilijipa moyo kwamba ni kambegu tu. Halafu jana ukaniambia Vroni anaanza kazi kwenye kiwanda cha jibini Jumatatu, na kwamba umemnyang'anya madaftari yake akitaka kuyachoma jikoni. Leo asubuhi nilikwenda kwa Profesa. Njiani nilikuwa nimetunga maelezo marefu, yana theluji na wapelelezi ndani yake. Nilipofika nikasema tu, niliwalisha alizeti. Profesa aliisukuma kahawa yake kando. Kisha akaniambia niandike, nitie sahihi, nirudishe ufunguo. Nilipokuwa mlangoni akauliza namba ya simu ya nyumbani kwako. Hakuahidi kitu, nami sitaongeza neno ambalo hakulisema.

Nakala ya nilichoandika imo humu. Mpe Vroni kabla ya Jumatatu, na madaftari mrudishie. Asipotaka kuniona, asinione. Ila aache kuisugua ile mikono.

Nisalimie shemeji, umwambie kile kicheko cha Pasaka alikicheka bure. Nisalimie na majirani, lakini wakiniulizia usiwasimulie kitu kizuri. Vuli hii usinitumie alizeti.

Ni mimi mdogo wako mwenye aibu,
Korbinian