Ukuta wa Kompyuta ya Baba

Tukuyu,
13 Julai 2009

Mdogo wangu mpendwa Lugano,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini joto la huko Pune limepungua na tumbo lako limeshazoea pilipili zao. Huku ni baridi kali, na ukungu wa Julai unakaa mpaka jua linapokaribia utosini. Mimi ni mzima. Tumefunga shule kule Isongole, nami nimeshuka kukaa na wazee. Baba anakohoa kidogo lakini anatembea. Habari za Mama nitakupa, nivumilie.

Najua utashangaa kuletewa barua ya mkono zama hizi. Simu zetu hupokei, na barua pepe nilizokuandikia hujazijibu. Doreen wa kwa jirani anasafiri Jumatano kuja kuanza chuo huko huko, nikaona nimpe yeye, maana akikukabidhi mkononi huwezi kujifanya hukuiona.

Nakuandikia juu ya ile kompyuta uliyotuachia, na juu ya ukuta ambao Baba aliuchagua.

Unakumbuka mwezi wa kwanza ilivyoingiliwa. Ilianza kutuma picha za aibu kwa jina la Baba, kwa watu wote anaowasiliana nao, hata kwa Mchungaji. Baada ya ibada Mchungaji alimwita pembeni, akamwuliza kwa upole kama yuko salama. Baba alirudi nyumbani akaizima ile mashine na kuifunika kitambaa. Alisema amekuwa mzee wa kanisa miaka yote, na leo mtu asiyemjua amemvua nguo mbele za watu akiwa amekaa sebuleni kwake.

Rodrick, yule fundi wa pale stendi, alimweleza kwamba kompyuta inayoingia kwenye mtandao inahitaji kinga, wenyewe wanaiita faiawoli, yaani ukuta. Alikuwa nazo mbili. Moja ni ya kimya: inajua yenyewe nani apite na nani azuiwe, haimsumbui mwenye nyumba. Ya pili haipitishi chochote mpaka imwulize mwenye nyumba kwanza, na akisema hapana, ni hapana. Wewe uliandika ukashauri ile ya kwanza, ukasema ya pili itawachosha wazee na itazuia hata yale mazungumzo yetu ya Jumapili ya kuonana kwa kamera. Baba alikubali. Mimi mwenyewe nilimsikia akimwambia Rodrick kwamba mtaalamu wa familia amekwisha kuamua.

Halafu mwezi wa pili Baba akasafiri na Mama kwenda Mbeya. Waliporudi, alipitia kwa Rodrick kabla hata ya kufika nyumbani, akaichukua ile ya pili.

Tangu siku hiyo hujaiona sura ya mtu wa nyumbani. Ulimwelekeza Baba kwa simu pa kubonyeza ili ukuta ukupitishe, ukarudia tena na tena. Alikujibu kwamba wezi waliingilia kwenye kamera na hatafungua tena. Mwisho ukamwandikia ujumbe ule baada ya Pasaka, kwamba aendelee kuilinda mashine yake kuliko mwanawe, na wewe hutapiga tena. Baba aliusoma akiwa amesimama mlangoni. Aliiweka simu mfukoni akaenda migombani, akakaa huko mpaka mvua ikamnyeshea.

Lugano, Baba si mjinga wa kompyuta. Pa kubonyeza anapajua vizuri kuliko mimi. Kila Jumapili ule ukuta ulimwuliza kama akupitishe, naye alikuwa akikataa kwa mkono wake, kwa sababu Mama alimwomba.

Mama haoni. Kule Mbeya walimkuta na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani, yeye alikuwa akisema ni moshi wa jikoni tu. La kulia lilikuwa limebakiza mwanga kidogo, nao umezimika. Daktari alisema wangewahi ingesaidia, sasa kilichokwenda hakirudi. Njiani wakirudi, Mama alimshika Baba mkono akamwambia, "Mtoto akiniona ataacha masomo. Kwenye simu sauti yangu ni ile ile. Kwenye kamera atajua." Nami waliniapisha. Nimekaa na jambo hili tangu Februari, na kila uliponiuliza nilikujibu kwamba Baba ana woga wa uzee.

Nilimwambia Baba si haki aonekane katili kwa mwanawe. Akanijibu, "Bora anikasirikie mimi kuliko aache chuo aje kutazama macho yasiyopona."

Juzi Mama aliniomba nimsomee ule ujumbe wako. Nilijaribu kukwepa, akasema, "Soma, Loyce, kama ulivyoandikwa." Nikausoma. Akamwita Baba, akamwambia, "Mume wangu, umebeba cha kutosha. Ndaga, nakushukuru. Mfungulie mtoto."

Basi Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada, tutakuwa mbele ya kompyuta, na ukituita utatupata. Nimetaka ujue mapema ili usije ukalia mbele yake. Mama ana sharti moja: umalize mtihani wa Desemba kwanza ndipo uje. Na Baba, mwanzie wewe kumsalimu, tafadhali. Yeye hataanza.

Leo asubuhi nimemkuta Mama amejikalisha kwenye kiti cha kompyuta, amevaa kitenge chake cha kanisani, na Jumapili yenyewe bado iko mbali. Alinishika mkono, akaniambia nimwonyeshe kamera iko wapi hasa. Nikaupeleka uso wake taratibu mpaka ukaielekea. Akaniuliza, "Hapa? Nikikaa hivi ataona namtazama?"

Nimemwambia ndiyo.

Baba anakusalimu, ingawa hajaniambia nikusalimu. Mungu akushike huko uliko.

Dada yako,
Loyce